Je, Wajua? Saa sita kamili Katito, adhuhuri bado

Ukiambiwa ufike Katito, magharibi mwa Kenya, saa sita kamili mchana, utafika kabla ya jua. Kwa wastani, jua la hapo hufika kileleni yapata saa sita na dakika 40. Katikati ya Februari huchelewa zaidi: saa saba kasoro dakika sita hivi!

Saa ya Kenya imepimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki. Mstari huo haugusi Kenya hata kidogo, unapita Somalia. Katito iko karibu na digrii 35, na jua huhitaji dakika 4 kuvuka kila digrii moja.

Kwa hiyo Lamu huona adhuhuri takriban dakika 24 kabla ya Katito, ingawa saa za mkononi zinalingana.

Zamani kila mji ulifuata jua lake. Reli, iliyofika Kisumu Desemba 1901, haikuweza kwenda hivyo: garimoshi lilidai saa ileile kwa stesheni zote.

Mchana wenyewe ni mwaminifu. Ikweta iko karibu, Maseno, hivyo Katito hupata takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima.