Magadi Chunguni na Vitamini Inayopotea

Mbaazi hupendwa katika nyumba nyingi za pwani, na wapishi wengi huzitia magadi ili ziive upesi na kuokoa makaa. Magadi hulainisha ngozi ya mbaazi, hilo hatulikanushi. Lakini huharibu pia vitamini B1, iitwayo tiamini, ambayo mbaazi, kunde na choroko zimejaaliwa kwa wingi.

Tuangalie sababu yake. Molekuli ya tiamini ina pete mbili, na mojawapo imebeba atomu ya naitrojeni yenye chaji chanya. Chaji hiyo huipa nguvu kaboni iliyo jirani, nayo ndiyo inayousaidia mwili kuvunja sukari itokayo katika wali, muhogo na ugali ili tupate nguvu. Chaji hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Penye uchachu kidogo, kama wa ukwaju au ndimu, pete hustahimili moto vizuri zaidi. Penye magadi, haidroksidi huishambulia kaboni ile, pete ikafunguka, na vitamini ikapotea.

Madhara ya kuikosa yalijulikana zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman, akiwa kisiwani Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakilegea miguu; walipopewa mchele wenye wishwa wakapona. Mwaka 1926, huko huko Java, Jansen na Donath waliipata tiamini safi kutoka katika wishwa. Eijkman alitunukiwa Nobel mwaka 1929.

Kwa binadamu maradhi hayo huitwa beriberi: miguu hufa ganzi, mwili huweza kuvimba, na moyo huchoka. Anayenyonyesha ana haki ya kuangaliwa zaidi, kwani akipungukiwa, maziwa yake nayo hupungukiwa, na moyo wa mtoto mchanga unaweza kushindwa ghafla. Mwanamke huhitaji takriban miligramu 1.1 kwa siku; mjamzito na anayenyonyesha, miligramu 1.4. Mwili hauweki akiba kubwa: huisha baada ya wiki chache tu.

Basi mama zetu na dada zetu, tuziroweke mbaazi usiku kucha, tuzipike bila magadi, na ukwaju au ndimu tutie zikishaiva, kwa kuwa uchachu huchelewesha kulainika. Mchele tuuoshe kwa kiasi, tusiusugue mara nyingi, kwani tiamini huyeyuka majini. Wali tuupike kwa maji yatakayokaukia chunguni, kama tufanyavyo wali wa nazi, wala tusiyamwage.

Na mzazi aonapo miguu inakufa ganzi, au mtoto anayenyonya anahema kwa shida na kukataa ziwa, asingoje: ampeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Beriberi ikitambuliwa mapema, hutibiwa kwa tiamini yenyewe.