Kutu haifichiki kwa rangi: gari la zamani na chumvi ya Yiti

Na Mwandishi Wetu, Yiti, Muscat

WAHENGA walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hivi karibuni tulikwenda Yiti tukayaona maneno hayo yakitimia, si kwa mtu bali kwa gari.

Yiti ni kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya mkoa wa Muscat. Ukitoka mjini unapita Al Hamriyah, unavuka milima ya mawe matupu, kisha ghafla unaiona bahari. Ni mwendo wa kilomita 25 hivi. Siku hizi barabara ni ya lami na karibu na kijiji kunajengwa mji mpya wa kisasa, lakini wakaazi wa zamani wanaikumbuka njia ya kokoto ambayo gari dogo halikuithubutu.

Aliyetualika ni mzee mmoja mzaliwa wa Unguja. Aliondoka huko akiwa kijana mdogo baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, akapitia Dubai, na katika miaka ya sabini akaingia Muscat kama walivyoingia Wazanzibari wengi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970. Ametutaka tusimtaje jina, nasi tumemkubalia. Hapa tutamwita Ami, kama tulivyomwita siku nzima.

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser ya zile za duara mbele, iliyotengenezwa mwaka 1978. Toyota ilizitoa gari za aina hiyo kuanzia 1960 hadi 1984, na mwenye kuijua Oman ya wakati ule haulizi kwa nini zilipendwa. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na kiasi cha kilomita 10 tu za lami. Gari hilo ndilo lililompeleka Ami kazini, likampeleka mkewe kujifungua, likabeba samaki, magodoro na maiti.

Sasa mnunuzi kutoka Kuwait amelitaka. Wapenzi wa magari ya zamani katika Ghuba wanalipa vizuri, na fedha hizo zinangojewa. Mjukuu wa Ami anaoa, na mahari haijakamilika.

KIVIMBE KIDOGO

Tulimkuta Ami amechutama nyuma ya gari, kidole chake kipo kwenye rangi. Tulimwamkia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, wanangu. Njooni muone."

Kwenye pembe ya chini ya bodi, nyuma ya gurudumu la kulia, palikuwa na vivimbe vitatu, kikubwa chao hakizidi sarafu ya baisa 50. Doa jingine la rangi ya chai lilikuwa chini ya mpira wa kioo cha mbele. Basi. Kwa jicho letu gari lilikuwa zima.

Kwa jicho la mjukuu pia. "Babu, hii kazi ya asubuhi moja," alisema. "Tunapiga msasa, tunatia puti, tunapuliza rangi. Jamaa akija Jumamosi anaikuta inang'ara."

Ami hakumjibu. Aliomba bisibisi. Kwanza aliligusa doa la chini ya kioo. Bisibisi ikakwaruza na kugonga chuma kigumu. Akasema hilo si neno. Kisha akakibonyeza kile kivimbe kikubwa cha nyuma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

Sote tulinyamaza. Alipoichomoa ulitoka unga mwekundu, na baada ya unga yakatoka mabonge ya puti ya zamani.

Hapo ndipo kisa cha mwaka 2007 kilipoelezwa. Tarehe 6 Juni mwaka ule kimbunga Gonu kiliipiga Muscat, mabonde yakateremsha maji, bahari ikapanda, na magari mengi yakalala majini. La Ami lilikuwa miongoni mwao. Alilipeleka gereji moja, akalirudishiwa likiwa na rangi mpya, akashukuru na kulipa. Kumbe walioitengeneza pembe ile hawakukata chuma kilichooza. Waliziba matundu kwa puti, wakapaka juu. Kwa miaka yote hiyo kutu iliendelea na kazi yake chini ya rangi nzuri.

KWA NINI CHUMA HURUDI UDONGO

Wako wanaodhani kwamba nchi ya jangwa haina kutu kwa sababu mvua ni chache. Kosa hilo linawagharimu wengi. Chuma kinahitaji vitu viwili tu ili kishike kutu, maji na oksijeni, na maji hayo si lazima yawe mvua. Umande unatosha. Pwani ya Muscat wakati wa joto hewa hujaa unyevu kiasi cha kulowanisha nguo, na usiku gari lililolala nje huamka limelowa.

Chumvi nayo inaongeza ubaya kwa njia mbili. Kwanza, inanyonya unyevu kutoka hewani na kuufanya ukae juu ya chuma. Pili, inayafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu kwa hakika ni kazi ya umeme mdogo unaopita kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Ndiyo maana gari linalolala kando ya bahari huzeeka mapema kuliko lile lililokaa bara, Nizwa kwa mfano, hata kama ni ya mwaka mmoja.

Wenzetu wa Ulaya wanaijua chumvi hiyo kwa mlango mwingine. Sisi tunaoishi ugenini tumeona jinsi wanavyoimwaga barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, nayo ikaingia chini ya magari. Tuliwahi kumiliki gari kuukuu huko, tukamwamini fundi mmoja aliyetuambia "limekwisha". Limekwisha kweli: miezi minane baadaye sakafu ilipasuka chini ya mguu wa dereva.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo inapozaliwa chini ya rangi huisukuma rangi juu. Kivimbe unachokiona ni paa la nyumba tu. Vyumba viko chini, na mara nyingi vimeenea kuliko paa.

DAWA YAKE

Ami alijifunza kazi ya bodi ujanani, na hapo mkekani, kahawa ikipita, alitueleza mambo ambayo tunaona yatawafaa wasomaji wetu wenye magari ya zamani, wawe Muscat, Mombasa, Tanga au Unguja.

Kwanza ni kupima. Kuna kutu ya juu, kutu iliyochimba, na kutu iliyotoboa. Bisibisi itakwambia ni ipi. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba nayo husaidia: ikishika vizuri huku na kuteleza kule, jua kwamba pale inapoteleza kuna puti nene. Lakini usihukumu kila gari kwa sumaku. Bodi za Land Rover za zamani ni za alumini, na paa za baadhi ya Land Cruiser hizi ni za faibaglasi. Hapo sumaku haishiki kabisa.

Pili ni kusafisha. Osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kisha ondoa rangi na kutu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kiwe cheupe. Usiishie kwenye doa. Endelea vidole viwili vitatu pande zote mpaka uikute rangi iliyoshika barabara. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo piga msasa kwa maji, vaa barakoa inayofaa, na waweke watoto mbali.

Tatu, kama chuma kimechimbika, vishimo vile vidogo hubaki na kutu ambayo msasa haifikii. Hapo hutiwa dawa yenye asidi ya fosforiki, inayoigeuza kutu kuwa kitu kisichoendelea kula. Vaa glavu, fuata maelezo ya chupa, na usiache mabaki yake chini ya rangi.

Nne, funika siku ile ile. "Hapa Yiti ukikiacha chuma uchi usiku mmoja, asubuhi kimeshavaa nguo ya manjano," alisema Ami. Praima nzuri ni ya epoksi, kwa sababu inaziba. Praima ya kawaida ya kijivu hupitisha unyevu, na anayeiacha hivyo kwa wiki kadhaa akingoja fedha za rangi amejidanganya. Usipulize jua likiwa kali wala jioni umande unapoanza kushuka.

Tano, puti si chuma. Kazi yake ni kusawazisha mahali palipobonyea, tena juu ya chuma kizima kilichozibwa. Puti hunyonya maji. Ukiitumia kuziba tundu, umeweka sifongo mahali pa bati. Palipotoboka panakatwa mpaka kwenye chuma kizuri, na bati jipya linachomewa, baada ya kuondoa betri na kuhakikisha hakuna tangi wala paipu ya petroli karibu na moto.

Mwisho ni ndani. Kutu nyingi huanza upande usioonekana. Baada ya rangi, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya milango na mashimo ya bodi, zibua matundu ya kutolea maji, inua mikeka ya sakafu ikauke, na ukirudi ufukweni osha chini ya gari kwa maji matamu. Turubai la nailoni lisilopumua ni adui, maana linafungia umande ndani.

Tulimwambia Ami kwamba hayo yanafanana na kazi ya majahazi. Alicheka. Alikumbuka pale Malindi, Unguja, vyombo vikipandishwa pwani, vikichokolewa na kutiwa kalafati, kisha vikipakwa sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. "Hakuna nahodha aliyepaka rangi juu ya tundu," alisema. "Angekwenda kumdanganya nani? Bahari?"

TULICHOKIKUTA CHINI

Adhuhuri ilipopita, mjukuu alilala chini ya gari na tochi. Alikaa kimya muda mrefu. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

Kutu ya pembe ile haikuishia kwenye bodi. Ilikuwa imeingia kwenye chesisi, pale springi ya nyuma inaposhikiliwa. Alipagonga kwa nyundo ndogo, chuma kilimeguka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu.

Hapo mambo yalikuwa yametoka kwenye urembo na kuingia kwenye roho za watu. Mahali pale pakikatika gari likiwa kwenye mteremko wa milima, halitamuuliza dereva ametoka Kuwait au Yiti. Nchini Uingereza, katika ukaguzi wa kila mwaka, kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhikilia springi, usukani au mikanda ya viti hulifelisha gari. Tangu 2018 magari mengi yaliyofikisha miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo kule, ikiwa hayakubadilishwa sana. Lakini msamaha wa sheria si msamaha wa chuma.

Mjukuu alisema kwa sauti ya chini, "Babu, tukimwambia hatonunua."

"Huenda asinunue," alijibu Ami. "Na mimi nilinunua maneno mwaka 2007, umeyaona. Sasa unataka niyauze?"

"Na mahari?"

"Mahari ni deni linalosubirika. Mtu akifa ndani ya gari hii, hilo halisubiriki."

Akachukua simu, akampigia mnunuzi, akamweleza kila kitu kwa Kiarabu, taratibu, na kumpelekea picha za lile tundu na zile za chesisi. Yule bwana alishukuru, akasema atafikiri na atajibu. Mpaka tunaondoka, baada ya sala ya alasiri, hakuwa amejibu.

Sisi hatujui kama gari lile litauzwa, au litatengenezwa na kubaki Yiti. Tunalojua ni kwamba wengi wetu, huku ugenini na huko nyumbani, tunayo mambo ambayo tumeyapaka rangi kwa sababu kuyakata mpaka kwenye chuma kizuri kunauma na kunagharimu. Tunasema limekwisha. Halijakwisha, limefunikwa tu, na chumvi ipo kazini usiku na mchana.

Tulipowasha gari letu tulitazama nyuma. Mjukuu alikuwa amerudi chini ya Land Cruiser, miguu tu ndiyo inayoonekana, na mlio wa brashi ya waya ulisikika mpaka barabarani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alikuwa ameshaanza kuujenga.