Lubumbashi: Likizo kubwa yakaribia, jamaa za Katuba zapiga hesabu ya matembezi

Masomo yakifungwa mapema mwezi wa saba, swali ni moja katika lupango nyingi za komine ya Katuba: watoto tuwapeleke wapi?

Haut-Katanga haina bustani ya michezo kama Disneyland ya Paris. Iliyo karibu ni bustani ya wanyama ya Lubumbashi. Hata hivyo, kuna watoto wanaomaliza shule ya msingi wakiwajua wanyama hao vitabuni tu.

Shida ni mfuko. Pesa ya matembezi na ile ya kurudi shule mwezi wa tisa zinatoka mkono mmoja. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini sare, madaftari na minervali ya sekondari bado ni juu ya mzazi.

Hesabu inaanza na bisi. Jamaa ya watu sita, ikibadilisha bisi mara moja mjini, italipa viti 24, kwenda na kurudi. Chakula na munkoyo vitoke nyumbani, na sweta zisisahauliwe, maana asubuhi za mwezi wa saba zina baridi.

Maporomoko ya Lofoi, yenye zaidi ya mita 300, katika Hifadhi ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970, yanadai gari la nguvu na mfuko mzito zaidi.

Kwa wengi, njia ni likelemba ya majirani, kidogo kidogo kila juma. Hivyo mtoto atarudi darasani na daftari mpya, na pia na cha kuwasimulia wenzake.