Kaseti ya Litungu: Haki ya Kuhifadhi na Haki ya Kusikizisha

Makala haya yanajadili swali ambalo sisi wakusanyaji wa fasihi simulizi hulikwepa: muziki uliorekodiwa kutoka redioni ni mali ya nani? Tuchukulie kuwa mkazi wa mtaa wa Tuwan, Kitale, ana kaseti aliyoirekodi mwaka 1984 kutoka Sauti ya Kenya, fundi wa Bungoma akipiga litungu na kuimba.

Kisheria, haki zilizomo ni zaidi ya moja. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, matangazo hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka yaliporushwa hewani. Kipindi hicho, basi, kinalindwa hadi mwisho wa 2034. Utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hivyo, ulinzi wa matangazo waweza kwisha ilhali wimbo ungali na mwenyewe.

Linaloshangaza zaidi ni agizo kuhusu vituo vyenyewe. Kituo kilichojirekodia kazi ya mtu kwa ajili ya vipindi vyake hutakiwa kuiharibu nakala kabla ya miezi sita kwisha, ila kikiafikiana na mwenye haki. Nakala yenye thamani ya pekee ya kihistoria yaweza kuwekwa katika hifadhi ya kituo, lakini haitumiwi tena bila idhini. Kuhifadhi ni ruhusa moja. Kusikizisha ni nyingine. (Agizo hili lingefuatwa kikamilifu, huenda kaseti za majumbani ndizo zingekuwa hifadhi yetu kuu.)

Mwenye kaseti akiisikiliza sebuleni hana kosa. Tatizo huanza nakala inapouzwa au kuwekwa kwenye intaneti. Aidha, ikiwa wimbo ni wa jadi, Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inataka idhini ya jamii.

Hata hivyo, sheria haijibu kila kitu. Nyimbo za litungu hutaja watu na koo zao, kwa sifa au kwa kejeli. Hakimiliki ikiisha, aliyekejeliwa bado ana wajukuu. Kwa maoni yangu, mtafiti anayenakili kaseti hiyo hana budi kwanza kumtafuta fundi au warithi wake na kuwapa nakala. Jambo hili lawezekana: nyimbo za Wakipsigis alizorekodi Hugh Tracey mwaka 1950 zilirejeshwa kwa jamii hiyo katika miaka ya 2010, na baadhi ya waliorekodiwa walikuwa wangali hai kuzisikia.