Kuosha Si Kuua Vijidudu: Vyombo vya Mala

Akina mama wanaouza mala hutuuliza: "Maziwa tumechemsha vizuri, mbona mala yetu inatoa povu na harufu mbaya?" Mara nyingi shida iko kwenye chombo. Maziwa yakichemka, vijidudu vya ugonjwa hufa. Lakini ukiyamimina kwenye ndoo chafu, umevirudisha. Hapo mnapoteza pesa, na pengine mtoto wa mtu anaharisha.

Kwanza tuelewane: kuosha ni kazi moja, kuua vijidudu ni nyingine. Mafuta ya maziwa huficha vijidudu, dawa isivifikie. Kwa hivyo suuzeni kwa maji baridi, halafu msugue kwa maji moto, sabuni na brashi, kisha msuuze tena. Plastiki msiisugue kwa mchanga wala waya, maana vijidudu hujificha kwenye mikwaruzo.

Halafu chagueni njia:

1. Maji yanayochemka. Sufuria, miiko ya chuma na kitambaa cha kuchujia vichemke dakika 10. Hakuna dawa inayobaki. Ubaya wake, kuni zinaisha, na ndoo nyepesi za plastiki hupinda.

2. Jik. Hii inafaa plastiki. Nunueni ile ya kawaida isiyo na manukato. Tieni kijiko kimoja cha mezani katika lita 4 za maji safi baridi. Chombo kikae ndani dakika 10, kisha msuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Changanyeni mpya kila siku, kwa sababu nguvu yake hupungua. Sufuria za aluminiamu msiziloweke humo, zitaliwa. Na jamani, Jik isichanganywe kamwe na limau, siki wala dawa ya choo! Hutoa hewa ya sumu.

3. Jua. Anikeni vyombo kwenye kichanja, midomo ikiangalia chini. Jua hukausha vizuri, lakini peke yake halitoshi.

Je, mtungi uliokuwa na dawa ya shamba au ya kupe? Huo hausafishiki kwa njia yoyote. Msiutie chakula, hata kama haunuki.

Ushauri wetu ni huu: chuma chemsheni, plastiki tumieni Jik. Wekeni zamu, na mwenye zamu aoshe mikono kwanza. Mkutano ujao, kila mmoja alete ndoo yake, mzikague pamoja. Yenye mikwaruzo mingi iwe ya maji ya ng'ombe.