Lori halivuti? Pima sensa ya eksileta kabla ya kufungua pampu

Msimu wa korosho, lori linalosuasua kati ya Lionja na maghala ya Nachingwea hupunguza safari, na safari zikipungua faida nayo hupungua. Wamiliki wengi hukimbilia kufungua pampu ya dizeli kwa gharama kubwa, kumbe huenda tatizo liko chini ya mguu wa dereva.

Kwenye malori ya zamani, eksileta huvuta pampu kwa waya. Kwenye mengi ya kisasa, sensa ya eksileta hupeleka umeme kwenye kompyuta ya injini, nayo huamua kiasi cha dizeli. Sensa ikilegea, dereva hukanyaga hadi mwisho lakini kompyuta husoma nusu.

Anza na filta za hewa na dizeli, ambazo ni nafuu. Kisha fundi umeme afungue swichi bila kuwasha injini, apime volti huku eksileta ikikanyagwa taratibu. Volti zipande bila kurukaruka, na zilingane na kitabu cha gari. Sensa yenye skrubu za kurekebishia husogezwa kidogo; iliyochakaa hubadilishwa. Kuzidisha volti hakuongezi nguvu: kompyuta ikiona hitilafu huibana injini, na mzigo hulala njiani.