Dalili ya Mvua ni Mawingu? Baiskeli ya Milimani na Korongo la Njorowa

Utangulizi

Nchini Kenya, baiskeli imefahamika kwa muda mrefu kama chombo cha kazi. Imebeba maziwa, makaa, mikate na abiria. Neno bodaboda lilizaliwa juu yake, katika mpaka wa Kenya na Uganda, kabla ya pikipiki kulirithi. Hata hivyo, yako matumizi mengine ambayo yameshika mizizi katika eneo la kati la Bonde la Ufa, hususan katika Kaunti ya Nakuru. Haya ni matumizi ya baiskeli kwa kupita vilimani, kandokando ya majabali na kwenye njia za vumbi kwa ajili ya mazoezi, utalii na mashindano.

Makala haya yanakusudia kueleza matumizi hayo kwa kutumia mfano wa Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na mji wa Naivasha. Hoja inayojengwa ni kwamba usalama wa mwendeshaji hutegemea uwezo wake wa kuisoma ardhi zaidi ya nguvu za miguu yake, na kwamba usomaji huo hauwezi kufundishwa bila lugha iliyo sahihi.

Ardhi yenyewe

Mbuga ya Hell's Gate iko kusini mwa Ziwa Naivasha, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1984, na eneo lake ni kilomita mraba 68 hivi. Mwaka 1883, Mjerumani Gustav Fischer na Mskoti Joseph Thomson walipita katika nchi hii. Nguzo ya mwamba inayosimama peke yake karibu na lango la Elsa ingali inaitwa Mnara wa Fischer. Lakini Wamaasai walikuwa wamekwisha kuyapa mahali hapa majina yao kabla ya wageni hao kufika. Korongo waliliita Ol Njorowa, na jina Olkaria linahusishwa na udongo mwekundu wa kujipaka.

Asili ya korongo hilo inastahili kueleweka barabara. Maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kirefu kuliko lilivyo leo. Maji yake yalipata njia ya kutokea upande wa kusini, yakaikata miamba laini iliyotokana na majivu ya volkeno hadi yakaacha mfereji mwembamba wenye kuta ndefu. Ziwa lilipopungua, mfereji ulibaki. Kwa hiyo Njorowa ni kazi ya maji, na mvua inaponyesha, maji huirudia njia yake ya kale.

Moto wa chini ya ardhi nao haujazimika. Chemchemi za maji ya moto hutiririka kutoka katika kuta za korongo, na mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa Olkaria ulianza kufanya kazi mwaka 1981, yaani miaka mitatu kabla ya mbuga kutangazwa. Mwendeshaji baiskeli hukutana na pundamilia, kongoni, swala na twiga, kisha baada ya mwendo mfupi akakuta mabomba makubwa ya mvuke na malori ya mitambo.

Hell's Gate ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya zinazomruhusu mgeni kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Sababu mojawapo ni kwamba simba si wakazi wa kawaida wa mahali hapo. Katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, ambako simba na vifaru wamo, mgeni wa siku za kawaida hana ruhusa kama hiyo. Pamoja na hayo, nyati wapo Hell's Gate, na nyati aliyejitenga na kundi si mnyama wa kukaribiwa.

Chombo na kanuni zake

Baiskeli ya milimani kama inavyojulikana leo ilianza kuundwa katika miaka ya 1970 huko California, Marekani, pale vijana walipozifanyia marekebisho baiskeli kuukuu ili waweze kuteremka nazo milimani. Mwaka 1996 mchezo huu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Atlanta. Kenya nayo ina sehemu yake katika historia ya uendeshaji. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na aliyeshinda Tour de France mara nne, alifunzwa katika ujana wake na Mkenya David Kinjah.

Tofauti kati ya chombo hiki na ile baiskeli nzito ambayo Wakenya waliibatiza Black Mamba iko hasa katika mambo matatu: gia, tairi na breki. Black Mamba ina gia moja tu. Baiskeli ya milimani ina magurudumu ya meno ya ukubwa mbalimbali, na mnyororo huhamishwa kutoka gurudumu moja hadi jingine. Mwendeshaji anapotumia gurudumu dogo la mbele na kubwa la nyuma, miguu huzunguka mara nyingi kwa mwendo mfupi, lakini kila mzunguko huwa mwepesi. Gia haimpunguzii kazi ya kufika juu ya kilima. Inaigawa kazi ile katika mafungu madogo ambayo miguu inaweza kuyamudu. Gia hubadilishwa kabla ya mwinuko, kwa sababu mnyororo uliokazwa kwa nguvu nyingi huhama kwa shida na huweza kukatika.

Tairi nazo ni pana na zina vifundo. Udongo wa majivu ya volkeno ni mwepesi na hugeuka kuwa vumbi zito wakati wa kiangazi. Tairi iliyojazwa upepo kupita kiasi huzama na kuteleza humo, ilhali iliyopunguzwa upepo kidogo hutandaa na kushika ardhi. Ikipunguzwa mno, huanza kujigonga kwenye mawe na kupata pancha. Miiba ya migunga pia huleta pancha, kwa hiyo pampu na viraka si mizigo ya hiari.

Kuhusu breki, kanuni ni kupunguza mwendo kabla ya kona na kabla ya mchanga. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ikikazwa ghafla kwenye mteremko, humrusha mwendeshaji mbele ya usukani. Anayeteremka hurudisha uzito wake nyuma ya kiti na kuzikaza breki zote mbili kidogo kidogo.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ataona jambo la kuvutia. Kitenzi panda hutumika kwa baiskeli na kwa mlima, na kitenzi shuka vivyo hivyo. Mtu hupanda baiskeli ili apande kilima, na mwinuko ukizidi nguvu zake hushuka kwenye baiskeli ili aendelee kupanda. Muktadha ndio unaotenganisha maana hizi. Aidha, msamiati wa chombo umekwisha kupata makao katika ngeli: mnyororo na minyororo, gurudumu na magurudumu, gia na breki katika I-ZI. Dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kufundishia ufundi huu halina msingi.

Mahali baiskeli inapoachwa

Njia ya vumbi kutoka lango la Elsa hupita kati ya kuta za majabali na kuishia karibu na kituo cha askari wa wanyamapori. Hapo mgeni huiacha baiskeli, kwa kuwa korongo lenyewe hushukwa kwa miguu. Hapo ndipo hatari kubwa kuliko zote inapoanza.

Mwezi Aprili mwaka 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na maji wakafa katika korongo hilo. Mwezi Septemba mwaka 2019, watu wengine saba walikufa kwa namna hiyo hiyo, na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) likalifunga korongo baada ya maafa hayo.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ndani ya Njorowa, methali hii huweza kumdanganya asiyeitafakari. Mvua hunyesha vilimani, mbali na macho ya aliye chini. Maji hukusanyika katika vijito vikavu, vijito huungana, na vyote huelekea kwenye mfereji mmoja. Kiasi kile cha maji ambacho uwandani kingelowesha visigino tu, kikibanwa kati ya kuta mbili hupanda kina na kuongeza kasi, tena hubeba matope na mawe. Aliye chini huweza kuwa bado anaangaziwa na jua. Methali si ya uongo: mawingu yapo, ila yako juu ya kilima kingine.

Neno mafuriko nalo lina mtego wake. Msingi wake ni kitenzi furika, yaani kupita kiasi cha chombo na kumwagika nje. Msikilizaji wa Kenya akilisikia huwaza Budalang'i au nyanda za Kano, ambako mto huvuka kingo zake na maji kutandaa mashambani. Maji ya korongo hayatandai. Hujaa na kushambulia kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo, anayetoa tahadhari kwa neno mafuriko pekee hajamweleza mgeni analopaswa kulitarajia. Mafuriko ya ghafla ni bora, lakini maelezo kamili ni bora zaidi: maji hayo hufika kwa kasi, na pengine bila mvua kuonekana. Maji yakianza kubadilika rangi, vijiti vikianza kuelea, au ngurumo ikisikika kutoka upande wa juu, mtu hapaswi kukimbia kufuata korongo. Hupanda ukutani mara moja, mahali popote panapopandika, na kuuacha mzigo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo, maandishi ya tahadhari mbugani aghalabu huwa ya Kiingereza, ilhali wageni wengi wa siku za mapumziko ni wanafunzi, waumini na familia za Kenya. Kutafsiri neno kwa neno hakutoshi. Tahadhari inahitaji kuandikwa na mtu anayeijua ardhi na anayeijua lugha. Kazi hiyo inazifaa idara na vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, na haihitaji kungoja msamiati mpya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uendeshaji wa baiskeli katika vilima vya Nakuru ni elimu ya mambo mengi yanayoshikamana: umbo la ardhi, ufundi wa chombo, tabia za wanyama na mwenendo wa maji. Mwendeshaji huteua gia kwa kuutazama mwinuko ulio mbele, hukaza breki kwa kuutazama mchanga, na hupaswa kuamua kushuka korongoni au kutoshuka kwa kuvitazama vilima vilivyo mbali na kwa kuwauliza askari wa mbuga. Atakayemfundisha haya hana budi kuyataja kwa maneno ambayo mwanafunzi wake atayaelewa kabla maji hayajafika.